Kaya Namba 417 na Bwana Godoro

Waliokuwa nami wiki jana wanakumbuka nilipoishia. Nimepata kazi baada ya miaka miwili ya kuzunguka na bahasha ya vyeti, na kabla mwezi haujaisha nimeshavunja sheria. Nilipungukiwa kaya moja, nikamwandikisha mchumba wangu.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, ofisi yetu hupima nani anatazama matangazo gani kwenye simu. Nchi nzima hatuiwezi, kwa hiyo tuna kaya mia sita zilizokubali kuwekewa programu ndogo. Programu hiyo haisomi ujumbe wala haisikilizi mazungumzo. Inaandika tu kwamba tangazo fulani limetokea, limetazamwa sekunde kadhaa, limerukwa au limefika mwisho. Kila kaya husimama badala ya maelfu ya watu wanaofanana nayo.

Sheria ni mbili. Ndugu au mchumba wa mfanyakazi haandikishwi. Na mfanyakazi hatafuti mtu aliye nyuma ya namba.

Mchumba wangu akawa kaya namba 417. Kwenye fomu niliandika kwa mkono wangu: mwanamke, miaka ishirini na saba, mfamasia, simu anaitumia peke yake. Watu wa kundi lake walikuwa wachache kwenye orodha yetu, hivyo yeye mmoja alibeba wanawake elfu kumi na moja. Nilimtania kwamba nimewachumbia wote kwa mpigo. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilikuwa sijui kwamba ndicho kicheko cha mwisho atakachonipa kwa muda mrefu.

Jumatatu iliyofuata nilipewa ripoti ya tangazo la godoro. Pengine umeliona. Kijana amelala chali, anafumbua macho, anatabasamu taratibu kama mtu asiye na haraka duniani, kisha anakuuliza, "Umeamkaje?" Linachukua sekunde thelathini. Mtu mwenye akili zake hulitazama sekunde tano, kisha huliruka. Hakuna binadamu anayetazama tangazo la godoro mpaka mwisho kwa hiari yake.

Kaya namba 417 ilikuwa imeonyeshwa tangazo hilo mara thelathini na nane kwa wiki moja. Mara zote thelathini na nane lilifika mwisho.

Nikafunga ripoti. Nikaifungua tena. Thelathini na nane.

Sasa nikwambie kwa nini niliifungua tena. Yule kijana wa kwenye godoro namjua. Alikuwa karani wa ofisi ya matangazo, ghorofa ya juu yetu, mpaka mwenye kiwanda cha magodoro alipomwona akipita na mafaili akasema anaitaka sura ile ile. Tangu hapo jengo zima linamwita Bwana Godoro. Na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyemtambulisha kwa mchumba wangu mbele ya lifti. Kijana alimwambia kitu, mchumba wangu akacheka. Mpaka leo sijaelewa kilichochekesha.

Tulipotoka nje mchumba wangu akasema, "Yule rafiki yako ana meno mazuri."

Hakuwa rafiki yangu. Ila tangu siku hiyo nikayajua meno yake yote, moja moja.

Jioni ile nilikaa chumbani kwangu nikalitazama tangazo mwenyewe, nijue kuna nini ndani yake. Nikalitazama mara sita. Nikalisimamisha kwenye tabasamu. Nikaenda kwenye kioo, nikajaribu kutabasamu taratibu. Nilifanana na mtu anayengoja kung'olewa jino.

Kilichofuata ni adhabu ninayoielewa kitaalamu kuliko watu wengi, na bado sikuweza kuikwepa. Mitambo ya matangazo iliona nimetazama godoro mara sita, ikaamua nina shida ya godoro. Kuanzia asubuhi, nikifungua habari, Bwana Godoro yupo. Nikifungua utabiri wa hali ya hewa, yupo, amelala. Nikitafuta maana ya neno kwenye kamusi ya mtandaoni, ananiuliza nimeamkaje.

Mitambo haijui tofauti ya anayependa na anayechukia. Vyote viwili inaviita kuvutiwa.

Siku ya tatu nilishindwa. Nikamfuata mchumba wangu wakati wa mapumziko yake ya mchana. Tulikaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, yeye na koti lake jeupe, mimi na wivu wangu mkononi kama mtu aliyeleta kifurushi. Nilianza mbali. Nikamuuliza habari za kazi, za mama yake, za wagonjwa. Kisha nikamuuliza kama analijua tangazo la godoro.

"Godoro gani?"

"La yule mwenye meno."

Alifikiri kwa kweli, uso umekunjamana. Akasema hajawahi kuliona. Kwani rafiki yangu siku hizi anatangaza?

Mara thelathini na nane, msomaji. Na ananitazama usoni anasema hajawahi.

Nikamuuliza simu yake kubwa iko wapi. Ana simu mbili, ndogo ya kupigia na kubwa yenye mtandao, ile tuliyoiwekea programu. Hapo ndipo alipoangalia pembeni, akabana kicheko. Nilikiona. Alikibana kama mtu anayeficha kitu kitamu.

"Ipo nyumbani," akasema.

"Inafanya nini nyumbani?"

"Simu hufanya nini? Imekaa."

Nikanyanyuka. Nikamwambia nina kazi nyingi. Siku nne zilizofuata, kila alichoniandikia nilimjibu neno moja, sawa. Aliniuliza kama naumwa. Sawa. Aliniuliza kama amenikosea. Sawa. Siku ya nne akaacha kuuliza, na mimi, badala ya kuogopa, nikaona huo ndio ushahidi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nikafanya nitakachokieleza sasa. Sijamweleza mtu mwingine yeyote zaidi ya wale mtakaowaona humu.

Kwenye kompyuta yetu kuna kitufe kiitwacho "Kifaa kibovu". Simu ya kaya ikiharibika, ikaanza kuleta takwimu za ajabu, unaibonyezea hicho, na kaya nzima inatolewa kwenye hesabu mpaka ikaguliwe. Unaandika sababu. Unaweka jina lako.

Niliandika: takwimu zisizo za kawaida. Nikaweka jina langu. Nikabonyeza.

Kwenye usaili wa kazi waliniuliza kwa nini nataka kupima. Niliwajibu kwamba takwimu ya kweli ni sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake. Niliamini nilichosema. Bado naamini. Ijumaa ile niliinyamazisha sauti ya watu elfu kumi na moja kwa sababu mmoja wao alikuwa mchumba wangu na nilidhani anamtazama mwanaume mwingine.

Jumatatu takwimu mpya zikatoka. Wanawake vijana waliokuwa wakilitazama tangazo la godoro mpaka mwisho walikuwa wamepotea kama moshi. Jumatano kiwanda kikaliondoa tangazo. Alhamisi asubuhi nilikutana na Bwana Godoro kwenye lifti, amebana mto wa kiti chake kwapani. Ofisi yake ilikuwa imempa nafasi ya juu kwa ajili ya lile tangazo, nayo ikafa pamoja nalo, na kiti cha ukarani kilishapata mwenyewe. Hakuwa na pa kurudi.

Alinisalimia vizuri tu. Kisha akasema, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa namba. Hebu nieleze. Wanawake elfu kumi na moja wananichukia ghafla, siku moja. Nimewakosea nini?"

Nikamwambia soko halitabiriki. Nikashuka ghorofa isiyo yangu.

Usinihukumu bado, maana sijafika pabaya. Mchana ule nilikula kwa raha. Nilijisemea imetosha, ameondoka na meno yake. Nikaamua Jumamosi niende kwa mchumba wangu nimsamehe.

Ndiyo, nilikuwa naenda kumsamehe.

Jumamosi nilifika mapema, akawa hajatoka kazini. Mama yake alinifungulia. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha, akanivuta ndani, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama mwanawe ananinyima raha. Huyu mama hunipenda kuliko ninavyostahili. Huniita mkwe hata kwenye simu, mbele ya majirani, ili wasikie.

Mezani palikuwa na nyuzi nyeupe, sindano ya kufumia, na kitambaa kilichofika nusu. Na simu kubwa, imeegemezwa kwenye bakuli la sukari.

Mama akakifunika kitambaa haraka, kisha akakata tamaa, akacheka. Akasema basi nimeshaona, nisimwambie mwanawe kwamba nimeona. Alikuwa anajifunza kufuma kwenye simu. Mwezi mzima sasa, kila asubuhi, mwanawe akienda kazini. Vitambaa vya meza, vya viti, vya kitanda. Vyote vya nyumba yetu. Walikubaliana wanifiche mpaka siku ya harusi.

Nilikaa.

Mama akarudi kwenye somo lake, akabonyeza. Kabla ya somo likaja tangazo la sabuni. Mama akaweka sindano chini. Akakunja mikono mapajani. Akatulia, macho kwenye kioo, akangoja. Sekunde tano zikapita, alama ya kuruka ikatokea. Hakuigusa. Mwanamke wa sabuni akaeleza habari za povu, akaonyesha shati, akaeleza tena. Mama akangoja mpaka neno la mwisho, akatikisa kichwa kidogo kama anayeitikia, ndipo akachukua sindano yake.

Nikamuuliza, "Mama, mbona huliruki?"

"Nini?"

"Tangazo. Ukibonyeza hapo, linapita."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtu anazungumza na mimi, nimkatize? Wewe mwanangu umelelewa hivyo?" Kisha akakumbuka. "Tena kulikuwa na kijana mmoja wa godoro, ana adabu. Kila akija ananiuliza nimeamkaje. Siku hizi simwoni. Sijui anaumwa."

Nilicheka au nililia, sikumbuki. Namkumbuka mama akinishika bega na kuniuliza nini tena.

Kumbe wale wanawake vijana elfu kumi na moja, waliofanya kiwanda kimpende Bwana Godoro, hawakuwahi kuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa miaka sitini na tatu, anayeona si adabu kumkatiza mtu. Na fomu iliyosema simu inatumiwa na mtu mmoja niliijaza mimi, mezani kwangu, bila kuuliza, kwa sababu nilidhani namjua vya kutosha mwenye simu.

Mchumba wangu aliporudi, mama akaingia jikoni kutuachia nafasi. Ningeweza kunyamaza. Ningemwambia nilikuwa na homa, angenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Lakini nilikuwa nimeona vile vitambaa.

Nikamwambia yote. Mara thelathini na nane, benchi, kile kicheko alichokibana, kitufe, lifti, mto wa kiti. Nilimwambia kwa mpangilio mzuri, kama ripoti.

Hakunikatiza. Katika hilo amefanana na mama yake.

Nilipomaliza maji yalikuwa yanachemka jikoni. Kisha akauliza kitu kimoja, taratibu.

"Zile siku nne nilizokuwa nakuuliza kama unaumwa, wewe ulikuwa unanihesabu?"

Nikasema ni wivu, na wivu unatokana na mapenzi. Akasema yangekuwa mapenzi yangeuliza mlangoni, yasingepitia dirishani. Akasema Bwana Godoro amemwona mara moja tu maishani, na alichomchekesha siku ile ni kwamba kijana alimwambia mimi humtaja mchumba wangu kwenye lifti kila siku mpaka watu wa ghorofa ya nne wanamjua.

Hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze.

Nikamuuliza kama bado tunaoana. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema nisimpigie, nisimwandikie, nisimtume mama. "Nikiwa na jibu utalisikia."

Nilitoka bila kuaga mama. Alinichungulia dirishani, akanipungia na kitambaa.

Jumapili nilipiga moyo konde. Nikaandika barua ya kukiri kazini, kurasa mbili. Jumatatu niliifikisha mpaka mlangoni kwa mkubwa wangu, mama mmoja mfupi tunayemwita Bi Rula. Hasomi takwimu kwenye kompyuta. Huzichapisha, akaweka rula chini ya kila mstari, akashuka nayo mstari mmoja mmoja, na hakuna namba iliyowahi kumtoroka.

Alikuwa amesimama, mkoba begani, rula mkononi. Kabla sijatoa barua akasema mwenye kiwanda amekuja juu. Anataka kujua wanawake elfu kumi na moja wameenda wapi, na amesema kama kifaa kilikuwa kizima atalirudisha tangazo, kijana wake naye arudi kazini. Kwa hiyo tunakwenda kukagua, sasa hivi.

"417," akasema. "Uliyeandikisha ni wewe, uliyetoa ni wewe. Utanionyesha nyumba."

Nikamwambia nina barua yake. Akasema barua haina miguu, itangoja. Akanyoosha kiganja, akataka simu yangu. Ndiyo kawaida ya ukaguzi: mfanyakazi huacha simu kwenye droo ya ofisi, ili kaya isipewe taarifa kwamba wakaguzi wanakuja. Niliiona simu yangu ikiingia na droo ikifungwa.

Njiani nilijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anasoma fomu. Mara ya pili aliniambia ninyooke, natembea kama mtuhumiwa. Mara ya tatu tulikuwa tumeshafika.

Wiki hiyo mchumba wangu alikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ile alikuwa nyumbani. Alifungua yeye. Alimwona Bi Rula, akaniona mimi nyuma yake na faili kifuani. Uso wake haukubadilika hata chembe. Akatukaribisha mpaka ukumbini, akasema mama ameenda kwa jirani mara moja, atarudi.

Bi Rula aliikagua simu. Nzima. Akaweka rula kwenye fomu, akaanza kuuliza mstari kwa mstari. Umri. Kazi. Kisha: "Simu unaitumia peke yako?"

"Hapana. Nikiwa kazini anaitumia mama yangu. Ndiye anayetazama."

Rula ikasimama. Bi Rula akainua macho, akanitazama muda mrefu, akayarudisha kwenye karatasi. Akafuta, akaandika upya. Kwa mstari ule Bwana Godoro alikuwa amepata angalau nusu ya haki yake: kifaa ni kizima, na mbovu ni fomu.

"Limebaki la mwisho," akasema. "Ni la sheria tu, usione vibaya. Huyu kijana aliyekuandikisha, mna uhusiano wowote? Ndugu, mume, mchumba?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi mchumba wangu alinitazama. Sijui ni sekunde ngapi, na kupima sekunde ndiyo kazi yangu.

Angesema ndiyo, ningemwaga unga pale pale, mbele yake. Angesema hapana, ningebaki na kazi.

"Hatuna," akasema. "Si mtu wangu."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ya mtu anayemwambia mgonjwa anywe dawa kutwa mara tatu. Nilitafuta ndani yake kama ananiokoa au ndiyo ananijibu, nikakosa. Nimesomea kupima watu, na yule niliyetaka kumuoa sikuweza kumsoma maneno manne.

Bi Rula akaandika. Akaigeuza fomu, akanisogezea, akaweka rula chini ya mstari wa chini kabisa, pale palipoandikwa: nathibitisha kwamba majibu haya ni ya kweli. Sahihi ya mfanyakazi.

Nje, malapa yalikuwa yanasogea, na mama alikuwa anamwambia mtu kwa sauti ya furaha kwamba nyumbani kwake kuna wageni.

Bi Rula akanipa kalamu. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani, kurasa mbili, bado ninayo. Nikamtazama mchumba wangu nipate hata ishara.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama kalamu.